Sura ya Sita: Siku Ambayo Gari Halikunuka

Gari lilikataa kuzima. Lilitoka kituoni mjini, likapanda Mabatini, likapita Buzuruga na Nyakato bila hata kukohoa, na sasa lilikuwa limesimama mbele ya gereji ya Shigela pale Igoma, injini ikinguruma kwa adabu utadhani gari la mchungaji. Inspekta Leonsia Kokugonza alishuka akiwa amenuna. Hakuwa na desturi ya kulikasirikia gari kwa sababu ni zima, ila uzima wa hili ulikuwa unampeleka mtu gerezani.

Mtu mwenyewe ni Jonathan Mihayo, mchomeleaji wa mageti, mkazi wa hapo hapo Igoma. Mkewe Winnie alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza akiwa kwa mama yake, kijiji kilichojificha ndani kidogo ya barabara ya Kigongo. Jonathan alimpakia kwenye gari hili ili amkimbize hospitali Mwanza, na safari ile, ambayo si ndefu, ikawachukua asubuhi nzima. Walipofika madaktari walimwokoa mtoto. Winnie alikuwa ameshavuja damu nyingi mno.

Jonathan alisema gari lilikuwa linazima kila baada ya mwendo mfupi. Mama mkwe wake, Dorcas, alisema huo ni uongo mtupu, kwamba mwanaume huyo alimchelewesha binti yake makusudi. Mpita njia mmoja aliyekuwa na baiskeli aliliona gari limeegeshwa kando ya barabara, boneti limefungwa, na dereva kaketi chini anaongea na simu. Polisi walilijaribu gari wiki nzima na halikuzima hata mara moja. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshaanza kulitazama jalada kwa jicho la mtu aliyeshiba.

"Mimi nilikwambia, mama," alisema Shigela, akijifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa fundi wa miaka mingi, mwenye kujiamini kupita kiasi. "Mwaka jana lilikuwa linazima kweli. Likipata moto tu, linakata. Nikaweka koili mpya. Likarudia, nikaweka pampu mpya ya mafuta na filta. Toka hapo halijarudi kwangu. Hili gari halina ugonjwa. Ukiona limezima, kalizima dereva."

"Una uhakika?"

"Kama wa jina langu."

"Kabureta?"

"Safi. Fungua mwenyewe uone."

Leonsia hakufungua. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu Buzuruga, na alikuwa amesogea upande wa upepo ili avute hewa isiyo na petroli. Gari lilikuwa linanuka vibaya. Alizunguka nyuma akaona sababu: tenki halikuwa na mfuniko, mdomo wake ulizibwa kwa tambara lililolowa petroli.

"Mfuniko uko wapi?"

"Huo ulipotea zamani," alisema Shigela. "Nilimwambia anunue. Hakuna anayesikia la fundi."

Koplo Masele, aliyekuwa anaendesha, alicheka kwa chini. Alikuwa Msukuma wa Magu, na tangu Leonsia ahamishwe kutoka Bukoba hakuacha kumtania kwa Uhaya wake. "Nshomile, msomi wetu, ameshindwa na tambara. Turudi, Afande, chai inapoa."

Leonsia alirudi kwenye kiti chake akafungua dirisha mpaka chini. Walipofika Nyakato alikuwa karibu kutapika, na ndipo swali likamjia. Kama yeye, mtu mzima asiye na mimba, alikuwa anatamani kushuka atembee kwa miguu, Winnie aliwezaje?

Jonathan aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kiunoni kwa mkono, maana mahabusu hawaachiwi mikanda. Alikuwa amekonda. Hakuwa amemwona mtoto wake tangu siku ile.

"Nieleze tena lilivyozima."

"Lilizima kabla hatujafika lami, Afande. Nikapiga starta, kimya. Nikafungua boneti nikashika kila kitu, sikuona kibaya. Nikakaa kidogo, nikajaribu, likawaka. Tukaenda mwendo mfupi, likazima tena. Ikawa hivyo hivyo."

"Kwa nini hukusimamisha gari lingine?"

"Lingekufa moja kwa moja ningesimamisha lori la kwanza. Lakini lilikuwa linawaka. Kila likiwaka nilisema sasa limepona, tutafika. Mwisho nikasimamisha lori la dagaa, ndilo lililotufikisha."

"Simu ulimpigia nani? Kuna jina la Modesta."

"Ana bajaji pale Usagara. Nilimwomba aje atuchukue. Alikuwa mbali, amepakia mzigo."

Habari za Modesta, Leonsia alikuwa ameshazihakikisha jana yake. Ni bibi wa makamo mwenye wajukuu, na bajaji yake siku hiyo ilikuwa imebeba matofali kweli. Uvumi wa kijijini kwamba Jonathan ana mwanamke wa pembeni uliishia hapo.

"Mlikuwa mmegombana wewe na mkeo?"

"Tulibishana. Mimi nilitaka ajifungulie Igoma, hospitali iko karibu. Mama yake akasema uzazi wa kwanza binti anarudi kwa mama, ndiyo desturi. Nikakubali. Nikajaza tenki mpaka juu, nikaacha gari kule kwao, ili uchungu ukianza nikaitwa, tusihangaike na mafuta."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Leonsia alilihifadhi hilo. Kisha akauliza kama vile anauliza habari za mvua. "Harufu ya petroli je? Mkeo aliivumiliaje?"

Jonathan aliinua uso kwa mara ya kwanza, halafu akauinamisha haraka. "Siku ile gari halikunuka."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Tambara lilikuwepo?"

"Sijui, Afande."

Kwa wiki nzima alijibu kila swali bila kujipinda, hata yale yaliyomwumiza. Hili dogo, la harufu, ndilo alilolidanganyia. Leonsia alimtazama utosini akaona mtu anayelinda kitu, wala si ngozi yake mwenyewe. Akaagiza arudishwe ndani.

Alimkuta Masele uani, chini ya ukuta, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Masele, tenki lilikuwa limejaa gari lilipoletwa. Sasa hivi tumetia mafuta kwa dumu ili lifike Igoma. Petroli ilikwenda wapi?"

Koplo alianza kuchunguza majani ya chai. Magari ya vidhibiti yana maajabu yake, mafuta hukauka humo bila jua, na kwa kawaida hakuna anayeuliza.

"Ilitolewa kwa usalama, Afande. Moto ukitokea..."

"Ukanyonya kwa mpira ukaweka kwenye pikipiki yako. Hilo nitalishughulikia siku nyingine. Ninachotaka kujua, ulipofika kwenye tenki ulikuta nini mdomoni?"

Masele aliona kaponea, akachangamka. "Eh! Hilo nilitaka hata kukusimulia. Palikuwa pamefungwa, Afande, hujawahi kuona. Nailoni ngumu mara mbili, juu yake mpira wa tyubu umezungushwa, umekazwa mpaka umeingia ndani, halafu pembeni kote pamepakwa nta ya nyuki. Nikashindwa kufungua kwa mkono, nikatia kisu. Nilipokata tu, tenki likavuta pumzi. Fyuuu! Nikaruka nyuma nikidhani kuna nyoka."

"Lilivuta au lilitoa?"

"Lilivuta. Ile nailoni ilikuwa imebonyea kwa ndani."

"Viko wapi hivyo vitu?"

"Nailoni niliitupia kwenye buti, nikaziba kwa tambara lililokuwa humo. Mpira..." Alielekeza kidole kwenye pikipiki yake, ambapo ukanda mrefu mweusi ulikuwa umekaza koti lake la mvua kwenye keria. "Mpira mzuri hautupwi, Afande."

Leonsia aliufungua mwenyewe. Nta ilikuwa bado imeng'ang'ania ukingoni.

Walikwenda sheli wakajaza tenki mpaka juu, kama Jonathan alivyolijaza. Nailoni iliyokatwa haikufaa, wakatafuta nyingine ngumu kama ile, wakaifunga kwa mpira ule ule, wakapaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Masele alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ndani ya gari hapakuwa na harufu hata kidogo. Leonsia alishika usukani mwenyewe.

Walipanda Mabatini bila shida. Hata Buzuruga hawajaiona, gari likashtuka, likashtuka tena, likazima.

Alipiga starta, kimya. Boneti likafunguliwa, koili nzima, plagi nzima, waya zote mahali pake. Wakakaa kando ya barabara, wapita njia wakiwacheka polisi walioharibikiwa na gari. Baada ya muda akajaribu, likawaka. Walikwenda kama hatua ya kutoka kanisani hadi sokoni, likazima tena. Mara hii Leonsia alikwenda nyuma, akaona nailoni imezama mdomoni. Akachomeka ncha ya kalamu.

Fyuuu.

Gari liliwaka kwa starta ya kwanza na kwenda mpaka Igoma na kurudi.

"Lilikuwa linanyimwa hewa," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Petroli inatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho pampu inavuta na haipati kitu. Likikaa, hewa kidogo inapenya, linawaka tena. Na tenki likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo, linazima upesi zaidi. Sisi tulilijaribu likiwa na petroli ya dumu na tambara. Lingezimaje?"

Masele hakuwa na utani safari hii. "Kwa hiyo mtu alimwua kwa kufunga tenki?"

"Mtu alifunga tenki," alisema Leonsia. "Hilo tu ndilo tunalolijua."

Asubuhi iliyofuata walishika barabara ya Kigongo. Nyumba ya Dorcas ilikuwa ya matofali, bati jipya, na zizi la ng'ombe nyuma. Mwenyewe alikuwa ameketi jikoni, kichanga amelala mapajani mwake, kafungwa kitenge cheusi. Alikuwa ametoka kumnywesha maziwa kwa kijiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni. Mmeshamhukumu?"

"Bado, mama. Mahakama ndiyo inayohukumu."

"Basi waambieni waharakishe. Mimi sikuwepo. Nilikuwa ng'ambo, Sengerema, kwenye msiba wa dada yangu. Nimetoka kuzika, napigiwa simu nirudi nizike tena." Sauti haikutetemeka. Alikuwa amelia mpaka machozi yakamwishia. "Mmoja tu, mwanangu. Mungu alinipa mmoja. Na yule mwanaume kakaa chini anaongea na simu."

Leonsia aliinua macho. Kwenye ubao juu ya mafiga yasiyo na moto yalipangwa makopo ya samli. Kila kopo lilifunikwa kwa nailoni ngumu mara mbili, likazungushiwa ukanda wa tyubu, na pembeni kote likapakwa nta ya nyuki.

Masele naye aliyaona. Akavua kofia.

Hapo Leonsia akaelewa kwa nini Jonathan alidanganya kuhusu harufu. Moyo ulimwuma, akatamani kuaga na kuondoka. Lakini jalada lilikuwa linakwenda mahakamani na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa baba wa kichanga yule aliyelala.

"Unafunga vizuri, mama," alisema.

Kwa mara ya kwanza uso wa Dorcas ulilegea. "Hiyo nilifundishwa na mama yangu. Samli yangu inakaa mwaka, haiingii sisimizi, haitoi harufu. Watu wanatoka Misungwi kuifuata."

"Na tenki la gari ulilifunga wewe?"

"Ndiyo, mimi." Alijibu bila wasiwasi wowote. "Kabla sijaenda msibani. Mwanangu akiingia kwenye lile gari anatapika mpaka nyongo, petroli inanuka, wameziba kwa tambara utadhani hawana akili. Nikamwambia Winnie, usihangaike, mimi nitakufungia kama ninavyofunga samli. Siku yako ikifika usafiri vizuri. Alifurahi sana." Alinyoosha kitenge juu ya mtoto. "Mwanaume hata hakuona shida. Mimi ndiye niliyeona."

Nje ng'ombe alikuwa anajikuna kwenye mti wa zizi.

"Kwani kuna ubaya gani kulifunga?" aliuliza Dorcas.

Leonsia alikuwa amewaambia watu habari mbaya kwa miaka mingi, na hakujua aanzie wapi. Macho yake yakaangukia kwenye debe la mafuta ya pamba lililokuwa karibu na mlango. Juu lilitobolewa kwa msumari, pembe hii tundu moja na pembe ile jingine.

"Mama, hili debe umelitoboa mara mbili," alisema taratibu. "Tundu hili linatoa mafuta. Lile jingine ni la nini?"

"La hewa," alisema Dorcas, akimshangaa. "Wewe hujapika? Ukitoboa moja mafuta yanatoka kidogo yanakata, unatikisa, yanatoka kidogo, yanakata te..."

Mdomo ulibaki wazi. Alitazama debe, akatazama makopo yake ya samli, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta kopo ambalo si lake. Leonsia alimwona anajijibu mwenyewe, na hakuweza kumsaidia.

"Lilikuwa linazima," alinong'ona Dorcas. "Yule kijana alisema lilikuwa linazima na kuwaka."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikasema mwongo."

Masele alimwahi kichanga kabla hajateleza mapajani. Dorcas alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa sakafu ya jikoni, na kilio kilichomtoka hakikuwa na sauti mwanzoni, kilikuwa pumzi tu inayotafuta njia.

Jonathan aliachiwa siku iliyofuata. Leonsia alimrudishia mkanda wake na simu, na kwa kuwa walikuwa peke yao kaunta, akamwuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Ndani, Afande. Mwenzangu mmoja alikuwa ananyonya maji kwenye chupa ya plastiki bila kuachia mdomo. Ikabonyea, maji yakakata. Nikaiona ile nailoni ya mama." Alipitisha mkanda kwenye vitanzi polepole. "Siku ile tenki nililiona limefungwa. Sikuligusa. Kazi ya mkono wa mkwe huwezi kuifumua, ni kumdharau. Nilifungua kila kitu kwenye lile gari isipokuwa hapo."

"Ungekwenda gerezani bila kusema?"

"Ningesemaje? Alikuwa na mtoto mmoja tu. Nimwambie ni mikono yake?"

"Na binti yako je?"

"Bibi yake angemlea. Yeye analea vizuri."

Leonsia alitaka kumwambia kwamba huo ni ujinga, kwamba sheria haiendeshwi hivyo. Badala yake akamsogezea daftari la kaunta atie saini.

Dorcas alikuwa anasubiri nje, kwenye benchi la mashahidi, mtoto kifuani. Alikuwa amekuja kufuta maneno yake mwenyewe, bila kuitwa. Jonathan alipotoka alisimama mbali kidogo, macho chini, kama mkwe anavyosimama mbele ya mama wa mkewe. Naye Dorcas hakumtazama usoni. Walibaki hivyo mpaka watu waliokuwa wanasubiri kumwona afande wa zamu wakaanza kuwatazama.

Leonsia alijua yule mama alikuwa na mengi ya kuuliza. Kama binti yake aliumia sana. Kama aliita jina lake. Kama angeweza kusamehewa.

"Ile harufu," alisema Dorcas mwishowe, kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Njiani. Ilimsumbua tena?"

Jonathan alinyoosha mikono kumpokea mtoto wake, akamweka begani, akamfunika kichwa kwa kiganja.

"Hapana, mama," alisema. "Njia nzima hakutapika hata mara moja. Alikuwa anakusifu."

Leonsia hakujua kama huo ulikuwa ukweli. Hakuuliza.